Vifuu na Komwe Katika Darasa la Watoto

Mzazi mmoja alipita karibu na darasa la awali akaona watoto wameketi chini, wanamiminiana maji kwa vifuu vya nazi. Akauliza, "Mwalimu, mimi nimemleta mwanangu asome, nanyi mwamfundisha kuchezea maji?" Swali hilo lastahili jibu, hasa huku Kiegeani ambako minazi imetuzunguka na kifuu hakinunuliwi.

Mpe mtoto wa miaka mitano vifuu viwili vilivyo sawa, avijaze maji. Atakubali kwamba maji ni sawasawa. Kisha amimine ya kifuu kimoja katika chupa nyembamba. Sasa atasema ya chupani ndiyo mengi, kwa kuwa yamepanda juu. Usimkemee, wala usimpe jibu. Mwache ayarudishe kifuuni, aone yajaa vile vile. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliwachunguza watoto kwa maji na vyombo namna hii, akaonyesha kwamba wengi hawalifahamu jambo hili mpaka wafikie miaka kama saba. Mtoto yule si mjinga, yumo njiani. Njia yenyewe haisomwi ubaoni, hupitwa kwa mikono.

Tena vifuu havilingani, na hapo ndipo penye faida. Watoto wawili wakipima mchanga, mmoja kwa kifuu kikubwa na mwingine kwa kidogo, hawachelewi kugombana. Basi mwalimu atoe kibaba kimoja cha wote. Ugomvi ukiisha, watoto wamejua kwa nini wazee walikuwa na kibaba, na kwa nini vibaba vinne viliitwa pishi.

Komwe nazo ni za hesabu. Bao lina mashimo 32 na komwe 64, na katika bao la kujifunza kila shimo huanza na komwe mbili. Mtoto mdogo yamtosha safu moja ya mashimo manane. Anapozisambaza, shimo moja komwe moja, ulimi wake hauwezi kutangulia mkono. Wako watoto wanaoimba moja hadi ishirini bila kosa, lakini ukiwaomba vitu saba wakakuletea tisa.

Kititia cha makuti sina haja ya kukieleza. Kila mtoto wa pwani amekikimbiza upepo. Niseme tu kwamba vidole vinavyokisuka ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Sasa ninyi wanafunzi wa sekondari mna kazi. Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, aliwapa mchemraba wa mti uliogawanyika katika michemraba minane. Ombeni vipande vinavyobaki kwa fundi seremala. Mchemraba wa inchi 4 ukikatwa mara tatu, kila upande mara moja, hutoa minane ya inchi 2, pungufu kidogo, maana msumeno nao hula. Sugueni kwa majani ya msasa, nayo yasugue pia kingo za vifuu. Msipake rangi msiyoijua, kwa kuwa watoto hutia kila kitu kinywani.

Kwa sababu hiyo hiyo, zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi, zisiingie darasani kabisa. Zina sumu kali. Nyonyo kadhalika. Komwe hazina sumu ya namna hiyo, lakini zaweza kumkaba mtoto, basi mwalimu azihesabu kabla ya mchezo na baada yake. Ndoo ya maji isiachwe peke yake na watoto hata kidogo.

Makombe ya pwani mimi nayaacha huko huko. Kombe lililo tupu leo kesho laweza kuwa nyumba ya kaa, na konokono wengine wa baharini, wale wenye umbo la pia, wakiwa hai huchoma kwa sumu. Kifuu chatosha. Nazi ikishakunwa, kikwanguliwe vizuri, kikaushwe juani siku mbili, kisha kiletwe shuleni.