Kabla ya Kuweka Kidole: Kisomo kwa Watu Wazima

Mchuuzi wa omena anaomba mkopo wa shilingi 10,000 ili aongeze mtaji. Anaambiwa riba ni asilimia 10, na mkopo utalipwa kwa miezi 6. Anapiga hesabu kichwani: atarudisha shilingi 11,000. Anaweka kidole gumba kwenye karatasi. Kumbe karatasi imeandikwa "asilimia 10 kwa mwezi", na riba inahesabiwa juu ya mkopo wote. Atalipa shilingi 16,000. Maneno mawili asiyoyasoma yamemgharimu shilingi 5,000.

Mfano huu unaonyesha kwamba kisomo si cheti cha kutundika ukutani. Ni kujua unachokubali kabla ya kukikubali.

KAZINI
Kuanzia ufuo wa Dunga hadi soko la Kibuye, wafanyabiashara wengi ni hodari wa hesabu za kichwa. Hata hivyo, wadeni wakiongezeka, kichwa husahau. Daftari lenye jina, kiasi na tarehe huzuia ugomvi. Vivyo hivyo, mwanachama wa kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) anayejua kusoma anaweza kukagua hesabu za kikundi chake. Na asiyeweza kusoma ujumbe wa M-Pesa humkabidhi mtu mwingine simu, na mara nyingi nambari ya siri pia.

NYUMBANI
Bahasha ya dawa ikiandikwa "2 × 3", maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Akiigeuza, mgonjwa atameza vitatu kwa pamoja. Mzazi anayesoma kijitabu cha kliniki hujua pia tarehe ya chanjo ya mtoto bila kungoja kukumbushwa.

KATIKA URAIA
Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari (Ibara ya 35), na inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi (Ibara ya 196). Anayeweza kusoma bajeti huuliza swali lenye uzito kuhusu barabara au zahanati ya wadi yake. Siku ya uchaguzi, sheria inamruhusu asiyejua kusoma asaidiwe kupiga kura. Lakini hapo siri ya kura yake inajulikana na mtu wa pili.

UMRI SI KIZUIZI
Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Kwa hiyo asiyejua hayuko peke yake, wala hana sababu ya kuona haya. Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84.

HATUA ZA KUANZA
1. Uliza katika ofisi ya chifu au kwa afisa wa elimu ya watu wazima kuhusu darasa lililo karibu.
2. Anza na jina lako, tarehe na tarakimu.
3. Kabla ya kuweka kidole popote, omba usomewe karatasi yote, kisha uliza: "Jumla nitalipa shilingi ngapi?"

Aliyesoma makala haya na amsomee jirani, kisha amsindikize darasani siku ya kwanza.