Moshi wa Mmoja, Pumzi za Wengi

Sheria ya tumbako ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kuvuta sigara ndani ya hoteli na mabaa, ila mahali palipotengwa kwa wavutaji. Ireland ilitangulia, ikakataza nchi nzima tangu 29 Machi 2004. Ama mambo mengine ya mabaa, hayo yana somo lake. Leo twazungumzia moshi.

Wako wapingao, wakasema: "Mtu yu huru na mwili wake; asiyependa moshi na aende kwingine." Twajibu: uhuru huo twaujua, lakini moshi haukai kwa mwenyewe. Umo ndani yake kemikali zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 katika hizo huleta saratani. Kufungua dirisha au kuwasha panka hakuuondoi wote. Na yule mtumishi aletaye chai, aende wapi? Mteja huketi nusu saa akaondoka; yeye huuvuta kutwa, kwani hapo ndipo ilipo riziki yake.

Basi hatumnyang'anyi mvutaji sigara yake. Twamtaka atoke nayo nje. Kwake ni hatua chache, na kwa mtumishi ni uhai. Nawe mwenye hoteli, usingoje askari ndipo ukataze.