Maumivu ya Uso: Usikimbilie Kung'oa Jino

Je, umewahi kupatwa na maumivu makali yanayopita kama umeme upande mmoja wa uso, kisha yakatoweka baada ya sekunde chache? Huanza unapopiga mswaki, unapotafuna au hata upepo unapokupuliza shavuni. Wengi hudhani ni jino. Hung'olewa moja, kisha la pili, lakini maumivu hayaishi.

Mara nyingi kasoro huwa katika neva ya tano ya kichwa. Binadamu ana jozi 12 za neva hizi, na ya tano ndiyo ipelekayo hisia za uso kwenye ubongo.

Chanzo cha kawaida ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva hiyo karibu na shina la ubongo. Kila damu inapopiga, mshipa huisugua neva hadi utando wake ukachubuka. Daktari Walter Dandy wa Marekani alieleza jambo hili mwaka wa 1934. Katika miaka ya 1960, mwenzake Peter Jannetta alianza kulitibu kwa upasuaji wa darubini. Siku hizi mshipa husogezwa, kisha kipande kidogo cha teflon huwekwa kati yake na neva.

Lakini kwa wagonjwa wachache sana, mishipa yenyewe huwa imeumbika vibaya. Ateri huungana na vena moja kwa moja, bila vile vimishipa vyembamba vya kupunguza nguvu ya damu. Mishipa hiyo hufura, hujisokota kama fundo na kuibana neva. Hatari yake ni kwamba inaweza kupasuka na kuvuja damu ndani ya kichwa.

Ndiyo maana ni lazima mgonjwa apigwe picha ya MRI kabla ya upasuaji. Fundo likionekana, daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya ateri, kwa kawaida kutoka kwenye kinena, na kutia dawa inayoonyesha mishipa kwenye eksirei. Hapo huamua kama ataliondoa fundo, ataliziba kwa gundi maalumu kupitia mrija huo, au atatumia miale. Nyakati nyingine njia mbili huunganishwa. Kila njia ina hatari zake, kama vile ganzi ya uso, kupoteza uwezo wa kusikia au kiharusi. Mwulize daktari wako waziwazi.

Dawa ya kwanza kwa maumivu haya huwa karbamazepini, si dawa za kawaida za kutuliza maumivu. Usiinunue bila kuandikiwa na daktari, na ukitokwa na vipele mwone mara moja.

Usikawie kumwona daktari ikiwa una umri wa chini ya miaka 40, uso umekufa ganzi, sikio halisikii vizuri, ukope umelegea au unaona vitu viwiliviwili. Kichwa kikikuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Daktari wa meno asipoona jino bovu, usimsihi ang'oe. Mwombe akuandikie barua ya kumwona mtaalamu wa neva.