Programu yako inasema 1234 ni PIN imara? Angalia hiyo "or"

Tuseme uko Kibera, umeanza kujifunza Python, na zoezi ni kupima kama PIN ni imara. Umeandika hivi:

pin = input("Andika PIN ya majaribio: ")
if pin != "1234" or pin != "0000":
    print("Imara")
else:
    print("Dhaifu")

Ya majaribio, tafadhali. input() haifichi kitu, na kwa cyber jirani anaona skrini yako yote.

Unaweka 5836: Imara. Poa. Weka 1234: Imara pia!

Kosa limetoka kwa vile tunavyoongea. Ukisema "PIN isiwe 1234 au 0000", kila mtu anaelewa. Python nayo inauliza maswali mawili: hii si 1234? Hii si 0000? "or" inatosheka na ndiyo moja tu. 1234 kweli si 0000, basi inapita. Hakuna namba itakayowahi kukwama hapo. Toa "or", weka "and", kisha ujaribu 1234 tena: Dhaifu.

Lakini 1998 bado inapita, na hiyo ndiyo hatari zaidi. PIN za tarakimu nne ziko 10,000. Miaka ya kuzaliwa, kuanzia 1960 hadi 2009, ni 50 tu, na wako umeandikwa kwa kitambulisho. Ukiangusha simu na kitambulisho kwa matatu ya Kawangware, mwenye kuviokota ataanza na huo mwaka. Ongeza sharti la tatu: ikataliwe namba yoyote kati ya 1960 na 2009.