Buba huanza na mti mama

Ukifungua gunia la maharage ya mbegu mwezi wa kumi ukakuta matundu na vumbi, umechelewa: fukusi wamekutangulia. Dawa ya dukani hufika Kamina, hapa Katanga, kwa reli au kwa lori, na kila kituo huongeza bei yake. Lakini kuna kichaka, mzaliwa wa Afrika yetu, kinachoweza kukua pembeni mwa lupango lako bila kununuliwa. Majani yake huua wadudu, mizizi yake hurutubisha udongo, na maua yake, meupe au ya zambarau, huvuta nyuki. Katanga wengi wanakiita buba. Wabemba wa Zambia husema ububa, na Waswahili wa pwani wanakijua kama utupa. Jina lake la kitaalamu, Tephrosia vogelii, linamkumbuka Theodor Vogel, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyefuata msafara wa mto Niger mwaka 1841 na kufa mwaka huohuo.

Wengi wanaujua mmea huu kwa kazi moja tu, ile ya kuvulia samaki, na kazi hiyo nitairudia kwa sababu inanisumbua. Kwanza tuuoteshe.

Jambo kubwa kuliko yote katika kuotesha buba ni kuchagua mti mama, na ndilo watu wengi hulipuuza. Buba wote hawana nguvu sawa. Watafiti waliochunguza mimea ya wakulima wa Malawi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, walikuta kwamba karibu robo ya mimea hiyo haikuwa na rotenoni na dawa za jamii yake, ambazo ndizo huua wadudu. Kwa macho ilifanana na mingine. Mkulima aliyeotesha aina hiyo angetwanga majani, angepulizia shamba, kisha angesema dawa za wazee ni hadithi. Kosa lisingekuwa la wazee. Lingekuwa la mbegu.

Basi pima kabla ya kukusanya mbegu. Chuma majani ya mti mmoja, yaanike kivulini hadi yakauke, yatwange na kuyachekecha. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unapotwanga. Chukua chupa mbili za kioo, kila moja uitie maharage kiasi kilekile na fukusi hai kumi. Chupa ya kwanza changanya na kijiko cha unga wa majani, ya pili iache hivyohivyo. Zifunge kwa kitambaa ili hewa ipite. Siku ya nne au ya tano hesabu waliokufa katika kila chupa. Kama chupa zote mbili zinafanana, mti huo uache uwe pambo la ua. Kama fukusi wa chupa yenye unga wamekufa na wenzao wanatembea, funga kitambaa chekundu kwenye mti ule: huo ndio mama. Maharage ya jaribio yatupe, yasiingie chunguni.

Maganda ya buba ni marefu, yana manyoya, na hukauka wakati wa kiangazi. Yakikauka kabisa mtini hupasuka na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo yachume yakiwa yamegeuka rangi ya kahawia lakini hayajafunguka. Yatandaze ndani ya kikapu na uyafunike kwa nguo nyepesi. Baada ya siku chache utayasikia yakilia, pa, pa, yakipasuka yenyewe. Mbegu njema ni ngumu, nyeusi au kahawia iliyokolea, na ina alama ndogo nyeupe mahali iliposhikana na ganda. Iliyotobolewa au kukunjamana, itupe. Zilizobaki zitie katika chupa kavu pamoja na majivu makavu, uandike mwaka na mti zilikotoka. Mbegu za mti usiopimwa zisikae chupa moja na hizi.

Sasa subiri mvua. Kamina iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huanza mwezi wa kumi. Usidanganywe na mvua ya kwanza. Subiri zikaze, mwezi wa 11, udongo uwe umelowa hadi chini. Jioni ya kuamkia siku ya kupanda, loweka mbegu katika maji baridi. Asubuhi nyingi zitakuwa zimevimba. Zile zilizobaki ngumu zisugue kidogo kwenye jiwe, upande usio na ile alama nyeupe, kisha uziloweke tena. Ukitaka kujua mbegu zako zina uhai kiasi gani, wiki mbili kabla ya kupanda funga 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zikiota 15, panda mbili kila shimo. Zikiota chache, panda nne.

Buba ni afadhali uupande moja kwa moja shambani kuliko kitaluni, maana mzizi wake hukimbilia chini mapema na haupendi kung'olewa. Shimo liwe na kina cha sentimita 1 hadi 2 tu. Kwa miti ya majani na mbegu acha mita 1 kati ya mashimo. Udongo wa kichanga unaufaa, udongo mwekundu pia, mradi maji yasituame. Penye maji yaliyosimama hufa.

Miezi miwili ya kwanza ndiyo ya taabu. Mche hukua polepole na magugu huushinda, kwa hiyo palilia mara mbili au tatu, na acha mche mmoja ulio imara kila shimo. Baada ya hapo utakushangaza, utakupita kimo. Ukiuchanganya na mahindi, yape mahindi wiki kadhaa za kutangulia, visije vikagombea mwanga. Usiupande mahali unapotaka kulima nyanya, bilinganya au tumbaku msimu unaofuata, kwa sababu minyoo midogo inayofanya vinundu katika mizizi huzaana vizuri kwenye mizizi ya buba na kuyasubiri mazao hayo.

Kiangazi kikiingia utaona maua. Usikate mti mama sasa, mwache azae. Miti mingine chuma majani. Katika majaribio ya Malawi na Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2018, unga wa majani makavu ulilowekwa katika maji, kilo 1 kwa lita 10, pamoja na sabuni kidogo, ukapuliziwa kwenye maharage na kunde. Sabuni si ya kusafishia: ndiyo inayotoa dawa kwenye jani, maana maji matupu huiacha nyingi ndani. Pulizia jioni, jua likizama, kwa kuwa mwanga wa jua huivunja dawa haraka. Kwa maharage ya ghalani, ushauri wangu ni kuupaka unga kwenye mbegu za kupanda tu, si kwenye chakula. Rotenoni ni sumu, na Umoja wa Ulaya uliiondoa katika dawa za mashambani mwaka 2008. Kuwa mmea si kibali cha kuuchezea. Nawa mikono, weka watoto mbali.

Mti huishi miaka miwili au mitatu, kisha hudhoofika. Ukiufyeka mwanzoni mwa mvua, uache majani yaoze shambani. Buba ni jamii ya kunde, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, na mahindi yatakayofuata yataikuta chini. Vijiti vyake vikavu ni kuni za kuchemshia maji ya bukari, na kila fungu la kuni hizo linapunguza haja ya makala ya mti wa porini.

Nirudi kwenye samaki. Buba uliotwangwa na kutiwa mtoni huzuia samaki kutumia hewa. Hauchagui mkubwa na mdogo, huua na vifaranga ambao wangekuwa samaki wa mwaka kesho. Eneo hili la Kamina linakula samaki wa maziwa ya Kisale na Upemba, na mito midogo husaidia kulea samaki wachanga wa maziwa hayo. Kwa hiyo usipande buba kingoni mwa mto, usioshe pampu ya dawa mtoni, na maji ya kuoshea chombo yamwage shambani, mbali na kisima. Ukimwona jirani akibeba majani yaliyotwangwa kuelekea majini, mzuie, umpe na mbegu akaoteshe shambani kwake.