Hati za Wazee Wetu ni Amana



Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe, na katika Sura ya Baqara ametuamrisha tuandike madeni yetu, na mashahidi wasikatae waitwapo. Basi mwenye kutafakari ataona kwamba maandiko yamewekwa ili yasomwe. Hati iliyofungiwa ni mfano wa shahidi aliyekataa kusema.

Watu wetu wa pwani hulalamika kwamba hati za wazee zimechukuliwa na wageni. Neno hili lina kweli ndani yake. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari William Taylor alikaa Mombasa, na kwa msaada wa Mwalimu Sikujua akakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji na ya wengineo. Karatasi zake leo zimo katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Lakini katika mkusanyo huo ndimo ilimotoka diwani ya Muyaka iliyopigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Na karibu nasi, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hati za Kiswahili na Kiarabu alizozikusanya J. W. T. Allen, na orodha yake ilipigwa chapa mwaka 1970.

Sasa tujiulize kwa insafu: ni wangapi katika sisi walioomba kuziona? Maktaba hizi zina orodha, na ya SOAS hutazamwa hata katika intaneti. Mwenye haja hutafuta jina na nambari ya hati, humwandikia mtunzaji akaeleza anataka nini na kwa sababu gani, kisha huisoma mbele ya watunzaji au huomba nakala. Kazi hii si ya maprofesa peke yao. Mwalimu wa madrasa aweza kuifanya, na mjukuu wa mtungaji pia.

Nasi majumbani mwetu twafanyaje? Sanduku la babu limefungwa kwa kufuli. Mwenyewe hasomi, na mwenziwe hamruhusu. Wengine huliweka kwa kutaraji baraka, na huku mchwa wala karatasi. Siku msikiti utakapogombewa shamba lake la wakfu, hati itatafutwa, na litakaloonekana ni vumbi. Baraka ya kitabu ni kusomwa na kufuatwa yaliyomo.

Wala hatusemi watu wazitoe hati zao ziende ng'ambo. Msikiti wa Riyadha, Lamu, umetuonyesha njia: hati zake zilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na asili zikabaki palepale Lamu. Asili kwa mwenyewe, nakala kwa wasomaji: hiyo ndiyo hifadhi.

Vyuo vikuu navyo vina wajibu. Aliyeshika amana hamtozi mwenyewe bei asiyoiweza, wala hamzungushi kwa masharti hata akate tamaa. Twawataka wawafungulie watu wa miji zilikotoka hati hizo kama wanavyowafungulia wanachuoni wao.

Basi kila mwenye sanduku na alifungue wiki hii, aandike orodha ya yaliyomo, na amwite mwenye kujua kusoma khati za kale. Hapo ndipo tutakapokuwa na uso wa kuwadai wengine amana.

Wabillahi tawfiq.