Notisi ya Kuhama Nyumba: Tarehe Inayookoa Dipoziti

Kila mwisho wa mwezi, pikapu zilizosheheni vitanda na magodoro huonekana kwenye barabara za mitaa ya Kitengela. Wengi wa wanaohama ni wafanyakazi waliopata kazi kwingine, au familia inayotafuta nyumba ya bei nafuu au shule iliyo karibu. Na mara nyingi mzozo wa dipoziti hufuata.

Tuchukue mfano wa mpangaji anayefanya kazi katika viwanda vya EPZ, Athi River. Anakaa Kitengela bila mkataba wa maandishi na hulipa kodi ya Sh14,000 tarehe 1 ya kila mwezi. Tarehe 12 Juni anapata kazi Nakuru. Anamwambia msimamizi wa ploti kwa mdomo kwamba atahama mwisho wa mwezi. Tarehe 30 Juni anarudisha funguo na kuomba dipoziti yake ya Sh14,000. Mwenye nyumba anakataa, akisema hakupewa notisi. Je, nani ana haki?

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba pale ambapo hakuna mkataba wa maandishi, upangaji huhesabiwa kufuatana na kipindi cha kulipa kodi. Anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Upande wowote unaweza kumaliza upangaji huo kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo lazima iishe siku ya kulipa kodi.

Sharti hili la mwisho ndilo wengi hawalijui. Notisi ya tarehe 12 Juni inatimiza mwezi tarehe 12 Julai, lakini hiyo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Agosti. Kwa hivyo kodi ya Julai bado inadaiwa, na mwenye nyumba ana msingi wa kuidai. Kama mpangaji angetoa notisi kabla ya Mei kuisha, angeondoka mwanzoni mwa Julai bila deni.

Sheria hiyo inambana mwenye nyumba vilevile. Akimwambia mpangaji tarehe 20 Juni kwamba awe ametoka tarehe 30, hiyo si notisi halali.

Palipo na mkataba wa maandishi, usomwe kwanza. Ukitaja notisi ya miezi miwili, mpangaji asitoe ya mwezi mmoja.

Jinsi ya kutoa notisi

Notisi iandikwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano:

"Kitengela, 28 Mei. Kwa mwenye nyumba. Mimi, mpangaji wa nyumba namba 7, natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo. Nitakabidhi nyumba na funguo tarehe 1 Julai. Naomba tukague nyumba pamoja siku hiyo, na nirejeshewe dipoziti yangu ya Sh14,000."

Ziandikwe nakala mbili. Mwenye nyumba au wakala wake atie sahihi na tarehe kwenye nakala ya mpangaji. Barua hiyo ipigwe picha na kutumwa pia kwa WhatsApp, ili tarehe ibaki kwenye simu. Risiti za kodi na ujumbe wa M-Pesa zihifadhiwe.

Kabla ya kutoka, mpangaji alipe bili ya maji na stima, apige picha za kila chumba, na wakague nyumba pamoja. Uharibifu wowote uandikwe pamoja na gharama yake. Kumwambia mwenye nyumba "kula dipoziti iwe kodi ya mwisho" kunahitaji kibali chake.

Maduka na nyumba za kodi ya chini

Maduka, hoteli na mikahawa mingi iko chini ya Sura 301 ya sheria za Kenya. Mwenye jengo anayetaka kumwondoa mfanyabiashara hutumia fomu maalum, hutaja sababu, na hutoa angalau miezi miwili. Mfanyabiashara asiyekubali hujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja na kupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya notisi kuisha.

Nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sura 296. Huko notisi peke yake haitoshi kumtoa mpangaji. Mwenye nyumba huhitaji amri ya Baraza la Kodi ya Nyumba.

Mzozo ukitokea

Pande zote mbili zianze kwa mazungumzo, hata mbele ya chifu. Yakishindikana, anayedai dipoziti anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na anaruhusiwa kujitetea bila wakili. Huko, nakala ya notisi yenye sahihi na tarehe ndiyo itakayomsemea.